Msanii na Ghala Lake

Dominika ya 18 ya Mwaka C
Masomo: Mhu 1:2, 2:21-23. Kol 3:1-5, 9-11. Lk 12:13-21.



Injili ya leo tumezoea kuielekeza kwa wafanyabiashara na wenye mashamba makubwa. Tajiri yule amepata mavuno yasiyoenea ghalani, anaazimia kubomoa ghala zake na kujenga nyingine kubwa zaidi, na usiku ule ule anadaiwa roho yake. Tusikiapo hayo, kila mmoja wetu humkumbuka jirani mwenye maduka mawili na kumsikitikia. Leo napenda tumweke mbele ya mfano huu mtu mwingine, ambaye ni nadra kutajwa mimbarini, naye ni msanii: mtunzi wa nyimbo, mchongaji, mchoraji, mshairi; mtu aliyejaliwa na Mungu uwezo wa kuleta kitu ambacho jana hakikuwapo. Kwa nini mara nyingi, akiisha kufanikiwa, akapata fedha, akajenga na kuketi, kipaji chake hunyamaza?

Tumtazame kwanza tajiri mwenyewe, maana Mwinjili Luka amemchora kwa mistari michache. Luka hasemi kwamba tajiri alilima vizuri. Asema shamba lilizaa. Mavuno yalikuwa ya ardhi na ya mvua kabla hayajawa ya mtu. Kisha sikilizeni namna anavyosema: mazao ni yake, ghala ni zake, vitu ni vyake, hata nafsi ni yake. Anauliza swali, na anayelijibu ni yeye mwenyewe. Katika maneno yake hamna mke, hamna mtoto, hamna kibarua aliyebeba magunia, hamna jirani ambaye mwaka ule shamba lake halikuzaa. Anazungumza na nafsi yake kama mtu aliyejifungia chumbani, akiibembeleza ipumzike kwa kuwa akiba ipo ya miaka mingi. Sauti ya kwanza isiyo yake katika habari hii yote ni sauti ya Mungu, nayo yaja usiku, saa ambayo hakuna tena wa kushauriana naye.

Mtakatifu Basili Mkuu, askofu wa Kaisaria katika karne ya 4, alihubiri juu ya tajiri huyu huyu, akamwonyesha kwamba ghala alizokuwa akizitafuta zilikuwapo tayari: nyumba za maskini. Hakuhitaji fundi wala matofali. Alihitaji kufungua mlango tu.

Shikeni jambo hilo la mlango, kisha tusafiri kidogo.

Mwaka 1792, katika mji wa Pesaro nchini Italia, alizaliwa Gioachino Rossini. Baba yake alikuwa mpiga baragumu wa mji, mama yake mwimbaji. Hawakuwa na mali. Kijana huyu alikuwa na kipaji cha kutunga opera, yaani tamthilia zinazoimbwa tangu mwanzo hadi mwisho. Ya kwanza kuchezwa ilichezwa Venezia mwaka 1810, naye alikuwa na umri wa miaka 18. Tangu hapo kalamu yake haikupumzika. Opera yake mashuhuri juu ya kinyozi wa Seville, ambayo mpaka leo huchezwa duniani kote, ilitoka Roma mwaka 1816, naye aliitunga kwa majuma machache tu. Napoli alipata mkataba uliompa hata sehemu ya faida ya michezo ya kamari iliyochezwa katika jumba la tamthilia. Akaenda London, akaenda Paris, na kila mahali fedha zilimfuata. Agosti 1829 ikachezwa Paris opera yake kubwa ya Guillaume Tell. Katika mkataba wake na serikali ya mfalme wa Ufaransa alikuwa ameahidiwa malipo ya faranga 6,000 kila mwaka, maisha yake yote. Alikuwa na umri wa miaka 37.

Hakutunga opera nyingine tena. Alifariki mwaka 1868. Hesabuni, wapenzi wasikilizaji: opera 39 katika miaka 19, kisha miaka 39 bila hata moja. Alikuwa rafiki wa wenye mabenki, na alipenda meza nzuri kiasi kwamba viko vyakula ambavyo hadi leo vinaitwa kwa jina lake. Anayetafuta picha ya mtu aliyeiambia nafsi yake ile, inywe na kustarehe, aona kwamba ameipata.

Lakini haki itendeke. Mtu hanyamazi kwa sababu moja. Mwaka 1830 mapinduzi yalimwondoa mfalme wa Ufaransa, na mkataba ule ukavunjwa. Rossini alilazimika kudai malipo yake kwa miaka mingi. Aliugua kwa muda mrefu, mwilini na rohoni, hata marafiki wakahofia akili yake. Ladha ya watu majumbani mwa tamthilia ilikuwa ikibadilika. Na kimya chake hakikuwa kamili: katika miaka hiyo alianza, kisha akaacha, kisha mwaka 1841 akamaliza Stabat Mater, utenzi wa Mama wa Mateso chini ya Msalaba. Kwa hiyo sisemi kwamba faranga zilimwua. Nasema tu kwamba faranga zilimruhusu kunyamaza. Mtu mwenye deni la kodi ya nyumba hawezi kunyamaza miaka 39.

Hapa sharti tujihadhari, maana wako watakaorukia neno hilo na kusema: basi msanii aachwe na njaa, ndipo atakapotunga vizuri. Wahenga wetu walilikata jambo hili pande zote mbili waliposema kwamba shibe ni mwana malevya, na njaa ni mwana malegeza. Shibe hulevya, ndiyo. Lakini njaa nayo hulegeza. Wolfgang Amadeus Mozart alifariki Desemba 1791 akiwa na umri wa miaka 35, ana madeni, na Misa yake ya Wafu haijakamilika. Sijui ni nani atakayethubutu kusema kwamba madeni yale yalitupatia muziki zaidi. Rossini naye, katika miaka ile ya kukimbizana na mikataba, alifikia hatua ya kutumia muziki ule ule wa kufungulia katika opera tatu tofauti, kwa kuwa muda wa kutunga mwingine haukuwapo. Haja humsukuma msanii, lakini pia humwibia. Ndiyo maana katika Kitabu cha Mithali, sura ya 30, yupo mtu mwenye hekima amwombaye Mungu asimpe umaskini wala utajiri, bali chakula kinachomfaa. Maana anaogopa akishiba atamkana Mungu, na akikosa ataiba.

Nasema haya kwa sababu parokiani kwetu tunaupenda sana msemo kwamba kipaji ni cha Mungu, nasi tunautumia kwa maana tunayoitaka sisi. Fundi wa kuezeka kanisa hulipwa. Mpishi wa jubilei hulipwa. Mwenye kukodisha viti na maturubai hulipwa kabla hajashusha hata kiti kimoja. Lakini mtunzi aliyekesha majuma matatu akiandaa Misa nzima ya jubilei hiyo huambiwa asante na kupewa soda. Nyimbo zake huimbwa kutoka jimbo hadi jimbo, hurekodiwa, huuzwa, na jina lake halipo hata kwenye karatasi. Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na bado wako viongozi wa kwaya wanaodhani kwamba sheria hiyo haivuki mlango wa kanisa. Bwana wetu alipowatuma wanafunzi alisema kwamba mtenda kazi astahili ujira wake. Hakusema isipokuwa mwenye kinanda. Katekista anayenisikiliza anajua ninasema nini, maana naye yumo katika kundi hilo hilo.

Turudi sasa kwenye shibe.

Niliwahi kuzungumza na mtunzi mmoja wa nyimbo za kwaya, mtu ambaye tenzi zake za maziko zimewafariji wengi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akitunga nyuma ya madaftari ya wanafunzi. Baadaye mambo yakamnyookea: maombi ya nyimbo za arusi, za jubilei, za daraja takatifu yakawa mengi, akajenga nyumba nzuri, na ndani yake chumba cha kutungia chenye vyombo vyote na mlango mzito usiopitisha sauti ya nje. Nami nikampongeza. Akaniambia, “Baba Padre, chumba ni kizuri, ila siku hizi naandika kama mtu anayejaza fomu.” Nikamwuliza zamani ilikuwaje. Akafikiri, kisha akasema, “Zamani wimbo ulinijia njiani nikienda msibani, nikitembea na watu. Siku hizi siendi. Natuma rambirambi kwa simu.”

Ndugu zangu, nimesoma vitabu kadhaa juu ya sanaa na vyanzo vyake, wala sijakuta penye maelezo bora kuliko hayo ya mwalimu yule. Hakuwa mbahili, rambirambi aliyotuma ilizidi bila shaka shilingi chache alizokuwa akiweka kwenye kikapu siku za ualimu. Lakini fedha ilimwezesha kutokwenda. Ilimnunulia gari, asikutane tena na watu njiani, ikamnunulia mlango mzito, asisikie mtoto wa jirani akilia, ikamnunulia nafasi ya kuheshimiwa, hivi kwamba hakuna tena aliyethubutu kumwambia, “Mwalimu, wimbo huu haujakaa sawa.” Kila kimoja katika hivyo ni kizuri, na kila kimoja ni tofali la ghala. Mwisho mtu anajikuta ndani, peke yake, akizungumza na nafsi yake kama tajiri wa Injili, na nafsi haina habari mpya ya kumpa.

Wala si lazima fedha iwe nyingi. Yatosha iwe ya uhakika. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kupaka baiskeli juu ya vipande vya mbao laini za kiwandani. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi. Miaka minne tu, nayo ilitosha kuipa aina nzima ya uchoraji jina lake. Baada yake wanafunzi wakaendeleza kazi, na miongoni mwao wametokea mafundi hodari sana. Lakini ukipita mahali wanapopita watalii, utaona pia twiga yule yule, chini ya mti ule ule, mara mia, kwa kuwa twiga yule ananunuliwa. Siwalaumu wachoraji, wana watoto wa kusomesha, na mara nyingi faida kubwa humwangukia mchuuzi. Nasema tu kwamba mnunuzi wa uhakika aweza kumfunga msanii kwa kamba laini kuliko umaskini, na kamba laini haiumi, hivyo hakuna anayehangaika kuikata.

(Nasi mapadre tusicheke. Masomo ya Dominika hii hurudi kila baada ya miaka mitatu, na yako makabrasha ya mahubiri ambayo nayo hurudi kila baada ya miaka mitatu, mavumbi yakiwa yamepanguswa.)

Yohane Paulo II, Papa aliyekuwa mshairi na mwandishi wa tamthilia, aliwaandikia wasanii barua siku ya Pasaka, tarehe 4 Aprili 1999. Humo alieleza kwamba si wote walioitwa kuwa wasanii kwa maana maalumu ya neno, lakini kila mtu amekabidhiwa kazi ya kuyafinyanga maisha yake mwenyewe, kama kazi ya sanaa. Basi maneno ya leo yamhusu pia mama anayelea, katekista anayefundisha kwa madokezo yale yale tangu alipohitimu, na mwalimu asiyemwuliza tena mtoto amekosa wapi.

Lakini sijamaliza habari za Rossini. Mwaka 1855 alirudi Paris, mgonjwa, na hapo polepole afya ikaanza kumrejea. Mwezi Aprili 1857, baada ya miaka mingi ya ukame, alimkabidhi mkewe Olympe nyimbo chache fupi alizomtungia kama shukrani kwa kumwuguza. Zingatieni: hakuna jumba la tamthilia lililoziagiza, hakuna mkataba, hakuna faranga. Kisha zikafuata nyingine, na nyingine, takriban tungo 150 ndogo, ambazo yeye mwenyewe kwa mzaha aliziita dhambi za uzeeni. Hakutaka zichapishwe. Zilipigwa nyumbani kwake siku za Jumamosi jioni, mbele ya marafiki, vijana wanaoanza, waimbaji wa kila daraja; nyumba ikajaa watu. Na tarehe 14 Machi 1864, katika nyumba ya marafiki jijini Paris, Misa yake ikaimbwa kwa mara ya kwanza: Petite messe solennelle, Misa ndogo ya fahari. Aliiandika kwa waimbaji 12, piano 2 na kinanda kidogo cha upepo, yaani vyombo ambavyo hata parokia isiyo tajiri sana yaweza kuviota. Mwishoni mwa maandiko akaweka barua fupi kwa Mungu, nusu ya utani na nusu ya sala, akikiri udogo wa elimu yake na kuomba nafasi Paradisoni. Alimwandikia hata Papa Pio IX kuomba wanawake waruhusiwe kuimba kanisani pamoja na wanaume, naye hakupata ruhusa aliyoitaka. Nasi leo tujaribu kuziwaza kwaya zetu bila akina mama!

Je, alikuwa amefukarika? Hata kidogo. Alikuwa tajiri kama zamani, pengine zaidi, na meza yake ilikuwa ile ile. Fedha haikuondoka ili kipaji kirudi. Kilichobadilika ni kwamba alichokuwa anacho kilianza tena kumtoka kuelekea kwa mtu: kwanza mke aliyekesha kitandani pake, kisha rafiki, kisha Mungu. Na alipofariki, mali yake ikaelekezwa kuanzisha shule ya muziki mjini Pesaro alikozaliwa, na makao ya waimbaji wazee huko Paris. Ghala likafunguliwa mlango.

Lugha yetu ina siri hapa. Neno kipaji limejengwa juu ya kitenzi kupa. Na kanisani, mkate na divai tunavyopeleka altareni, pamoja na mahindi, mayai na kuku wa Mama Wakatoliki, tunaviita vipaji. Neno ni lile lile. Hakuna mtu anayekwenda na kuku hadi mbele ya altare, akamwonyesha Padre, kisha akarudi naye nyumbani.

Katika Kitabu cha Kutoka twasoma juu ya Besaleli na Oholiabu, ambao Mungu aliwajaza roho ya hekima wapate kufanya kazi za dhahabu, za fedha, za shaba, za mawe na za mti kwa ajili ya Hema takatifu. Watu wakaleta sadaka kila asubuhi. Dhahabu ilijaa mbele ya mafundi wale, na hakuna aliyekuwa akiwahesabia. Wangeweza kunyamaza. Badala yake, asema mwandishi katika sura ya 36, waliacha kazi zao, wakaenda kwa Musa kumwambia kwamba watu wanaleta kuliko inavyohitajika. Ikapigwa mbiu kambini, watu wakazuiwa wasilete tena. Mafundi wakarudi kazini.

Wakumbukeni hao katika sala za waamini leo, pamoja na wasanii wote waliochoka, wale wenye njaa na wale wenye shibe. Na katika kupeleka vipaji, kwaya itakapoanza kuimba, ulizeni jina la mtunzi wa wimbo huo. Kama yu hai, ulizeni anaishi wapi, na lini mara ya mwisho mlimwona msibani.

Tumsifu Yesu Kristo.